Bodys Isek Kingelez: mwalimu wa Kinshasa aliyejenga miji kwa makasi, wembe na karatasi

Makasi, wembe, gundi na karatasi. Kila mwanafunzi wa Goma, Bukavu ama Lubumbashi anaweza kupata vitu hivyo vinne kwenye duka la kando ya barabara. Ni kwa vitu hivyo ndipo mwalimu mmoja wa sekondari alianza, mwishoni mwa miaka ya 1970 mjini Kinshasa, kutengeneza nyumba ndogo isiyofanana na nyumba yoyote ya inchi yetu. Alipoipeleka kwa wakubwa wa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Zaïre, hawakuamini kwamba ni kazi ya mikono yake. Walidhani ameiiba mahali.

Ilimbidi atengeneze nyingine palepale. Alipomaliza, badala ya kumfukuza, walimpa kazi.

Mwalimu huyo aliitwa Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka wa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, jimbo la zamani la Bandundu, na alifariki Kinshasa tarehe 14 Machi 2015. Miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, MoMA, lilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake. Maonyesho hayo yalianza Mei 2018 na kuendelea hadi tarehe 1 Januari 2019.

Kutoka siku aliyoshukiwa kuwa mwizi hadi siku watu wa New York walipopanga mstari kutazama miji yake ya karatasi, ilipita karibu miaka 40. Namna alivyofanya kazi katika miaka hiyo inawahusu wengi hapa kwetu, kwa sababu bado kuna wazazi wanaoamini kwamba mtoto anayekata karto na kubandika makaratasi anapoteza wakati.

Wazo lililomnyima usingizi

Kingelez hakutoka katika familia ya wachongaji wala hakusomea ufundi wa kukata karatasi. Alifika Kinshasa mwaka wa 1970, wakati mji ulikuwa unabadilika mbele ya macho ya wakaaji wake. Léopoldville ilikuwa imeshabadilishwa jina na kuwa Kinshasa tangu 1966. Nyumba za etaji zilikuwa zinapanda, na mnara wa Échangeur wa Limete ulikuwa kati ya kazi kubwa ambazo utawala wa Mobutu ulitaka dunia ione.

Kijana huyo kutoka kijijini alifundisha shuleni kwa miaka kadhaa, kisha akaacha ualimu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipitia kipindi cha mahangaiko, akili yake ikirudia jambo moja tu: apate makasi, wembe wa Gillette, gundi, ile watu wengi wanaita kole, pamoja na makaratasi. Hakuwa ameagizwa na mtu na hakukuwa na mteja aliyemngojea. Alikaa na vifaa hivyo, akakata na kubandika mpaka nyumba yake ya kwanza ikasimama.

Kwa wengi wetu, mbunifu ni mtu anayeanza na mchoro, kisha anamkabidhi fundi autekeleze. Kingelez aliunganisha kazi zote mbili katika mwili mmoja. Aliyewaza jengo ndiye aliyelikata, na aliyelikata ndiye aliyelipaka rangi na kulipa jina.

Miaka sita kati ya maski za zamani

Kazi aliyopewa kwenye makumbusho ilikuwa ya kutengeneza upya vitu vya kale vilivyoharibika, hasa maski. Aliifanya tangu 1978 hadi 1984.

Hiyo ni kazi ya uvumilivu. Maski iliyoliwa na wadudu ama iliyopasuka haiwezi kutengenezwa kwa haraka. Fundi anapaswa kuelewa mwenye kuichonga alianzia wapi, alifunga kamba vipi, alitumia rangi gani, na kwa nini upande mmoja ni mzito kuliko mwingine. Anapaswa pia kuficha mkono wake, ili mtu atakayeitazama aone maski na asione ukarabati.

Ukitazama majengo ya Kingelez kwa karibu, unaona nidhamu hiyohiyo. Kingo zimekatwa sawasawa, viungo havionekani, na mistari ya rangi inazunguka ukuta bila kukatika. Karatasi ni kitu dhaifu kinachojikunja kwa unyevu na kuchafuka kwa jasho la vidole. Kuifanya isimame kama saruji kunahitaji mkono usiotetemeka, na mwenye mkono huo alikuwa amepitisha miaka sita akishika vitu ambavyo kosa dogo lingeviharibu kabisa.

Mwaka wa 1984 aliacha kazi ya makumbusho, akabaki na kazi yake mwenyewe.

Namna jengo lilivyozaliwa

Wasanifu wa majengo wana neno kwa mfano mdogo wa nyumba: maketi. Kwao, maketi ni hatua ya katikati. Inamwonyesha mwenye pesa namna nyumba itakavyokuwa, na nyumba ikishajengwa inasahaulika kwenye stoo.

Kwa Kingelez, maketi ndiyo kazi yenyewe. Hakuitengeneza ili mtu mwingine aje kujenga jengo la kweli. Aliziita kazi zake maketi zilizovuka mipaka, na hakuwa mnyenyekevu alipozungumza juu yake. Alisema kwamba taifa lisilojua kutengeneza maketi ni taifa lisiloelewa mambo, taifa lisiloishi. Alitaka kusema kwamba watu wasioweza kuwaza mji wao kabla ya kuujenga watajengewa na wengine.

Vifaa vyake vilitoka katika maisha ya kila siku. Pamoja na karatasi za rangi na karto ngumu, alitumia plastiki, makopo ya soda, vifuniko vya chupa, mirija, vijiti vya meno na karatasi za kufungia bidhaa. Lakini mtu asidhani kwamba hii ni sanaa ya takataka. Kuna wasanii wengi wa Kinshasa wanaotaka kopo lionekane kuwa kopo, ili mtazamaji afikirie uchafu wa mji. Kingelez alifanya kinyume. Kopo likipita mikononi mwake lilikuwa nguzo, na kifuniko kilikuwa sehemu ya paa. Mtazamaji anapaswa kusogea karibu sana ndipo agundue kilikuwa nini zamani.

Baada ya umbo zilifuata rangi na mapambo. Kuta zake zina rangi ya waridi, ya majani, ya manjano, ya buluu ya anga. Zina nyota, mistari, maua na alama zinazokumbusha bendera. Majengo yanapanuka juu kama feni, ama yanapanda kama ngazi, ama yanafunguka pande mbili sawasawa kama mabawa. Hakuna mtaa wa Kinshasa wenye nyumba hizo, lakini mtu wa Kinshasa anatambua jambo fulani ndani yake: kupenda kuvaa vizuri, kupenda rangi, kutaka jina lionekane.

Maneno nayo yana nafasi kubwa. Kwenye kuta za majengo kuna maandishi, majina ya miji na ya inchi, na mara nyingi jina la Kingelez mwenyewe. Mpiga rangi wa vibao vya saluni na maduka katika miji yetu anaijua kazi hii: herufi lazima ipendeze kabla haijasomwa. Hivyo katika kitu kimoja unakuta ufundi wa mikono, uchoraji, uandishi wa vibao na usanifu wa majengo, bila mpaka kati yake.

Kutoka nyumba moja hadi mji mzima

Mwaka wa 1989 kazi yake ilipelekwa Paris katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la Terre, yaliyoongozwa na Jean-Hubert Martin. Maonyesho hayo yaliweka wasanii wa Afrika, Asia, Amerika na Ulaya chumba kimoja. Yalileta ubishi mwingi, lakini kwa Kingelez yalifungua mlango. Tangu hapo kazi zake ziliingia katika mikusanyo mikubwa, hasa ule wa Jean Pigozzi, uliosimamiwa na Mfaransa André Magnin.

Hadi wakati huo alikuwa anatengeneza hasa jengo mojamoja. Mwaka wa 1994 alitengeneza mji mzima. Hakuchagua Paris wala Kinshasa. Alichagua kijiji alichozaliwa.

Katika kazi hiyo, yenye jina Kimbembele Ihunga, kijiji cha wakulima kimepata uwanja wa mpira, benki, restora na majumba marefu ya kugusa mawingu. Urefu wake ni meta tatu hivi. Mtu anayetoka kijijini na kuishi mjini anaielewa haraka. Kila mtu aliyeondoka Shabunda, Fizi ama Masisi kwenda kutafuta maisha amewahi kulala akiwaza barabara nzuri ikifika mpaka kwa mama yake. Tofauti ni kwamba Kingelez aliamka, akachukua wembe, akaanza kukata.

Hospitali ya karatasi mwaka wa uporaji

Kuna watu wanaosema kwamba miji hii ni ndoto nzuri tu, mbali na shida za watu. Tarehe za kazi zake zinaonyesha jambo jingine.

Katika miaka ya 1980, Kinshasa ilikuwa mahali muhimu sana pa utafiti juu ya ugonjwa wa sida. Wanasayansi wa Zaïre, Marekani na Ubelgiji walifanya kazi pamoja katika mradi ulioitwa Projet SIDA, ulioanza mwaka wa 1984. Mwezi wa Septemba 1991 askari waliokosa mishahara waliasi, mji ukaporwa, na wageni wengi wakaondolewa inchini. Mwaka huohuo mradi ulifungwa.

Ni katika mwaka wa 1991 pia Kingelez alitengeneza kituo cha kisayansi cha kulaza wagonjwa wa sida. Ni jengo la fahari, lenye rangi na mapambo kama hoteli ya wakubwa. Wakati huo, katika familia nyingi, mgonjwa wa sida alifichwa chumba cha nyuma na jina la ugonjwa wake halikutajwa. Kingelez aliandika neno SIDA kwenye jina la kazi yake, akampatia mgonjwa jumba la kifalme.

Jengo la karatasi halitibu mtu, na hakuna anayedai hivyo. Lakini linauliza swali ambalo wagonjwa wa hospitali nyingi za inchi yetu wanalijua: kwa nini mahali pa kumtunza mnyonge pawe pabaya kuliko mahali pa kumpokea waziri?

Mji usio na polisi wala askari

Kazi yake inayojulikana zaidi ni Ville Fantôme, ya mwaka wa 1996. Ni mji wenye urefu wa karibu meta sita, wenye minara, madaraja na barabara pana. Katika maonyesho ya New York, wageni waliweza kuvaa miwani ya kompyuta na kutembea ndani yake kana kwamba wako barabarani.

Kingelez alieleza kwamba mji huo hauna polisi kwa sababu hakuna wa kulinda dhidi yake, hauna askari kwa sababu hakuna vita, na hauna madaktari kwa sababu hakuna mgonjwa. Kila mtu anaishi huru na kwa amani.

Msomaji wa mashariki mwa Congo hahitaji kuambiwa mwaka wa 1996 ulikuwa mwaka gani. Mwezi wa Oktoba vita vilianza Kivu. Uvira ilianguka, Bukavu ikafuata mwishoni mwa mwezi, kisha Goma mwanzoni mwa Novemba. Mnamo Mei 1997 waasi wa AFDL waliingia Kinshasa na Zaïre ikawa tena Congo. Mwaka huo wa 1997 Kingelez alitengeneza mradi wake wa Kinshasa ya milenia ya tatu, mji mkuu mpya kabisa, wenye upana wa zaidi ya meta tatu kila upande.

Kuweka tarehe hizi pamoja si kusema kwamba msanii alitabiri vita ama alivijibu. Ni kuona tu kwamba wakati miji ya kweli ilikuwa inabadilisha mikono kwa bunduki, kulikuwa na mtu katika inchi hii aliyekaa mezani na gundi, akiweka madirisha mojamoja kwenye mji ambao hauhitaji bunduki.

Mwaka mmoja kabla ya vita, wakati Umoja wa Mataifa unatimiza miaka 50, alikuwa amelitengenezea shirika hilo jengo lake la fahari. Wakaaji wa Kivu walikuja kulijua shirika hilo kwa sura nyingine, ya magari meupe na kofia za buluu. Na baada ya minara miwili ya New York kuanguka tarehe 11 Septemba 2001, Kingelez aliwaza Manhattan mpya ya mwaka wa 3021. Kazi hiyo ilionekana mwaka wa 2002 katika maonyesho ya Documenta 11 mjini Kassel, Ujerumani, yaliyoongozwa na Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria. Safari hii Mwafrika ndiye aliyeupangia mji wa Wamarekani ujenzi mpya.

Fundi, msanii ama mbunifu?

Katika inchi yetu majina haya yana uzito tofauti. Fundi ni yule anayeitwa kutengeneza mlango, na bei inajadiliwa mpaka jasho limtoke. Msanii anaheshimiwa akishatambuliwa Ulaya. Mbunifu anafikiriwa kuwa mtu wa biro, mwenye diploma na kompyuta.

Kingelez alikataa kuchagua. Alijiita mbunifu, msanifu wa majengo, mchongaji, mhandisi na msanii kwa wakati mmoja. Wengine waliona majivuno, na kweli hakuwa mtu wa kujishusha. Lakini madai yake yana msingi. Kutengeneza mnara wa karatasi usioanguka ni hesabu ya mhandisi. Kuamua barabara ipite wapi na bustani iwe wapi ni kazi ya mpanga miji. Kuchagua rangi ya waridi ikae karibu na ya majani bila kugombana ni kazi ya mchoraji. Na kukata madirisha mia moja yanayolingana ni kazi ya fundi. Ukiondoa moja, jengo halisimami.

Wale maofisa wa mwishoni mwa miaka ya 1970 waliona kitu kizuri na mtu wa kawaida mbele yao, wakashindwa kuviunganisha. Wazo lao kwamba kitu kizuri namna ile lazima kilitoka kwingine halijafa. Fundi wa viti wa Bukavu anasikia wateja wakisema kwamba kiti cha kutoka nje ndicho kizuri, hata kama chake kina mbao bora zaidi.

Kazi ziko wapi leo

Aliyewaza Kinshasa mpya, Kimbembele mpya na hospitali ya wagonjwa wa sida alifanya kazi yake Kinshasa. Lakini mtu wa Congo anayetaka kuona maketi zake kubwa anahitaji visa. Kinshasa ya milenia ya tatu ni mali ya Fondation Cartier ya Paris. Mji aliouwazia bandari ya Sète, kusini mwa Ufaransa, uko Sète. Kazi nyingine ziko Groningen, Uholanzi. Mwaka wa 2019 Jean Pigozzi aliipatia MoMA sehemu ya mkusanyo wake wa sanaa ya Afrika, ikiwa na kazi za Kingelez. Miezi minne tu baada ya kifo chake, Paris ilifungua maonyesho ya Beauté Congo, ambamo maketi zake zilikuwa na nafasi ya heshima.

Kuna sababu ya kawaida: wanunuzi walikuwa huko. Kuna pia sababu ya vifaa. Karatasi na karto zinahitaji chumba kikavu, mwanga mdogo, na wafanyakazi wanaojua kuzitunza. Tangu Novemba 2019 Kinshasa ina jumba jipya la Makumbusho ya Taifa, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini. Inchi sasa ina paa. Linalobaki ni uamuzi wa kuazima ama kununua, na wa kuwapeleka wanafunzi waone.

Wakati huohuo kazi ya karto haijasimama. Mjini Lubumbashi, Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mwaka wa 1974 na kusomea umeme, anatengeneza mashine za ajabu kwa karto, nyaya na vipande vya vifaa vya elektroniki vilivyokufa, pamoja na michoro mikubwa ya taa. Katika mji ambao shaba yake inabeba umeme wa dunia huku wakaaji wake wakikaa gizani, hahitaji kueleza sana kwa nini anachora taa. Naye pia hatenganishi fundi na msanii.

Na kwenye mitaa ya Goma, Uvira, Kindu na Kalemie, watoto bado wanatengeneza motokari kwa waya, makopo na vifuniko vya chupa. Wengi wao wataacha wakifika sekondari, kwa sababu mtu mzima atawaambia waache michezo. Kingelez alikuwa na miaka karibu 30, tena aliyekuwa mwalimu, alipoanza.